Aliyekuwa Akigonga Mgongo wa Boti

Boti ile ililetwa kwangu Kaole, tukaipindua juu ya magogo, mgongo ukitazama jua. Mwenyewe alikuwa mvuvi wa makamo, mtu wa maneno machache. Baada ya shikamoo na marahaba alinieleza shida yake, nayo ilikuwa ya kawaida tu: nizibe nyufa za jelikoti, ile ngozi ngumu inayofunika faiba, kisha niisugue ing'ae kama mpya.

Kabla ya kushika msasa huwa ninagonga boti nzima kwa mpini wa bisibisi. Faiba nzima hulia kavu; iliyoachana ndani hulia bubu, kama boga. Nilianzia nyuma nikielekea omo, yaani mbele ya boti. Asubuhi ilikuwa imetulia, na mzee nilimwacha upande wa pili, simwoni. Nikagonga mara tatu. Ikagongwa mara tatu.

Nikadhani ni mwangwi. Nikagonga mara mbili. Zikarudi mbili, taratibu, kutoka chini ya boti.

Niliinama kuchungulia. Mzee alikuwa ameingia chini, amekaa kivulini, amefumba macho, vifundo vya vidole vimegusa faiba.

"Mzee, kuna nini?"

Alifumbua macho kama mtu aliyeamshwa. Hakujua kwamba alikuwa akigonga. Alitoka, akajipangusa mchanga, akaanza kusimulia.

"Tulipinduka na hii, mimi na mdogo wangu, baada ya adhuhuri. Mimi nilinasa ndani, kwenye hewa iliyobaki chini ya boti. Yeye alipanda juu ya mgongo. Kwa mawimbi hatukuweza kusikizana, basi akawa anagonga nami najibu. Usiku kucha, fundi. Nikisinzia, anagonga. Alfajiri wakaja watu wakanitoa. Juu ya boti hapakuwa na mtu."

"Aliteleza?"

"Maiti yake iliokotwa kabla ya magharibi, siku ile ile tuliyopinduka. Usiku ninaokwambia, mdogo wangu alikuwa tayari yuko nchi kavu, amefunikwa shuka."

Nilisema Mungu amrehemu. Nikamwuliza mdogo wake alikuwa akigonga wapi. Aliweka kiganja karibu na omo, bila kusita. Nikapagonga. Palilia bubu.

Nilikwangua jelikoti pale na kukuta lengelenge pana kama kiganja. Nilipolitoboa, yakachuruzika maji yenye harufu ya siki. Malengelenge nimeyaona mengi. Maji hupenya kwenye faiba yakakaa humo miaka. Lakini haya yalikuwa ya baridi, na boti ilikuwa juani tangu asubuhi. Nilijifuta mkono kwenye suruali upesi.

"Usiniambie umeona nini," alisema mzee, amegeuka pembeni. "Ziba tu."

Nilipaacha pakauke siku kadhaa, nikajaza faiba mpya, nikapaka jelikoti, nikapiga msasa wa maji mpaka ule laini kabisa, nikamalizia kwa nta. Siku zote hizo nilifanya kazi redio ikiwa wazi, jambo ambalo si kawaida yangu. Sikutaka kusikia kimya cha ile boti.

Mzee alipokuja kuichukua hakuitazama rangi wala mng'ao. Alilaza sikio kwenye omo.

"Gonga."

Nikagonga. Ililia kavu, safi. Alingoja. Nami nikajikuta nangoja, nimezuia pumzi.

"Amenyamaza," akasema. "Sasa sijui, fundi. Sijui nimempumzisha au nimemfungia nje."

Niliita majirani, tukaigeuza boti na kuisukuma hadi majini, naye akapachika injini yake, akaiwasha, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mpaka leo anavua nayo, peke yake, ingawa wanawe wamemwomba sana aiuze. Watu wakiiona inapita hunisifu kwa kazi niliyoifanya. Huwa ninaitikia ahsante, kisha ninaanzisha mazungumzo mengine.