Sukari ya Al-Sulay

Katika kidato cha tatu, mwalimu wetu wa historia alitufundisha jinsi Wafaransa walivyotangaza kwamba watu wote huzaliwa huru, wakamwangusha mfalme wao. Kisha akaweka chaki chini, akatuuliza sukari yao ilitoka wapi. Hatukujua. Ilitoka Haiti, akasema, koloni lao, kwenye mashamba ya watumwa. Watumwa walisikia habari za Paris, wakaona wao hawakutajwa, wakainuka wenyewe. Baadaye Ufaransa ileile ikatuma meli za kivita kuwarudisha utumwani, ikashindwa.

Nilikuwa nimesahau hayo yote mpaka nilipokuwa kuli katika ghala la sukari huko Al-Sulay, Riyadh. Nimetangatanga tangu ujana, Malaba, Juba, Mombasa, na kila mahali niliondoka nilipotaka. Pale mkataba wangu uliisha, na kafili, mwajiri aliyenidhamini, akakataa kunirudishia pasipoti. "Mafi," alisema, hakuna, bila kuinua macho kwenye simu yake.

Madereva wa malori, wengi wao Wakenya, nao alikuwa ameshika pasipoti zao. Wao ndio walioanza. Waliegesha malori katika Bandari ya Jeddah wakakataa kuyaendesha. Kafili akakodi malori mengine, na sisi makuli wa Riyadh tukakataa kuyashusha. Tulikatiwa maji ya kuoga kwa ajili yao. Kiongozi wao, mtu wa kwetu kabisa, alituapia kwa simu kwamba hakuna injini itakayowashwa kabla ya kila mtu kupata pasipoti yake, dereva na kuli.

Walipewa zao, wakawasha injini.

"Nyinyi subirini kidogo," kiongozi yule alituambia alipofika ghalani na shehena. "Zenu zitafuata."

Jioni ile, tukila wali kwenye sinia moja, niliwasimulia wenzangu habari za Haiti. Mmoja akacheka kwa uchungu, akasema basi hakuna mtu anayekuja kutukomboa.

Tukangoja Ramadhani ikaribie, wakati kila duka linalilia sukari. Asubuhi moja tukakaa juu ya magunia, tukakataa kupakia. Kafili hakuja. Alimtuma kiongozi yuleyule wa madereva, naye akasimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni, akituambia yalla, yalla, haraka, kama nyapara. Alisema tunamharibia kazi, kwamba kafili ametishia kuchukua tena pasipoti zao. Kisha akanigeukia.

"Wewe umesoma, bradha. Waambie wapakie."

"Nimesoma," nikamjibu. "Ndiyo maana nimekaa."

Mwishowe kafili alikuja mwenyewe, na pasipoti zetu kwenye mfuko wa plastiki wa mikate. Akazimwaga juu ya magunia. Niliinama kuitafuta yangu kama mtu anayetafuta kiatu msikitini.

Nilipopata ruhusa ya kuondoka, na tiketi ya ndege ya kutoka Jeddah, lori lililokuwa likienda huko lilikuwa la dereva yule. Huko Sharafiya, mtaa wa Jeddah, tuliingia mkahawani, akaanza kuwasimulia Wakenya wengine jinsi tulivyompigisha kafili magoti.

"Sisi madereva ndio tulioanzisha," alisema. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Mlianzisha," nikasema. "Mkakomea kwenye pasipoti zenu. Halafu ukaja kutuambia yalla."

Akanisogezea kikombe, akaniomba ninywe chai kwanza. Nilikiacha palepale, nikachukua begi langu nikatoka kutafuta teksi ya uwanja wa ndege, mkono mmoja juu ya mfuko wa shati wenye pasipoti.