Jiwe la Shambani kwa Normand

Shamba la Normand Cyr huzaa viazi na mawe, na ukimuuliza mwenyewe atakwambia mawe ndiyo yanayokubali zaidi. Kule kaskazini mwa Maine ardhi huganda majira yote ya baridi, na theluji ikiyeyuka unakuta mawe mapya yamepanda juu, mahali ulipookota mwaka jana ukadhani umemaliza. Normand huyaokota na kuyatupa kwenye tela la trekta, kama baba yake alivyofanya, na babu yake kabla ya hapo. Mgongo wake umepinda kwa kazi hiyo. Amewazika wazazi, amewaoza mabinti watatu, amepigwa na ukame na bei mbaya, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Mawe tu ndiyo anayoyatukana, tena kwa raha zake, kama mtu anayemtukana shemeji.

Rafiki yake ni mmoja, Réal Daigle, aliyeendesha malori ya magogo mpaka alipostaafu. Wamejuana tangu utoto, tangu darasa lile ambalo walichapwa pamoja kwa kuzungumza Kifaransa cha nyumbani kwao badala ya lugha ya shule. Adhabu waliyogawana ikawageuza ndugu. Réal alipooa, Normand akapata na shemeji, Colette, mpishi wa shule, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache.

Kila Agosti, kabla ya kuvuna viazi, watatu hawa hubeba mashanta yao wakapanda mlima. Wakifika begani mwa mlima hulala kwenye kibanda cha magogo kisicho na ukuta wa mbele, kisha kesho yake humalizia kileleni. Na wana sheria yao. Jiwe moja kutoka shambani kwa Normand lazima lipande mlima ndani ya shanta la mtu asiyejua. Wakifika kibandani mashanta hufunguliwa, na atakayekutwa nalo ndiye punda wa mwaka. Punda hulibusu jiwe mbele ya wenzake, busu la kusikika, kisha huliweka nyuma ya kibanda, kwenye lundo la mawe ya miaka yote. Nani alianzisha, wanabishana mpaka leo. Wazee wazima, na mvi zao.

Mwaka uliotangulia punda alikuwa Normand. Réal alikwenda kuliiba jiwe lenyewe shambani kwake, akamtwika, na Normand akalipandisha huku akimsifia Colette jinsi hewa ya mlimani inavyompa mtu mazoezi. Walimcheka hadi machozi. Basi majira yote ya baridi alikuwa na jambo moja tu moyoni, na masika ardhi ikampa alichotaka: jiwe jeusi, tumbo bapa, ukubwa wa kabichi. Hakulitukana hilo. Aliliosha, akalificha ghalani nyuma ya magunia.

Asubuhi ya safari, pale chini wanapoegesha magari, Réal alikwenda kichakani kujisaidia na Colette alikuwa ameinamia gari akitafuta kofia. Normand alifungua ile zipu ya chini ya shanta la Réal, akalisukumiza jiwe ndani na kufunga. Moyo ulimwenda mbio kama mwizi wa maembe. Halafu baridi ikamshika naye, akaenda kichakani zamu yake. Umri ule kibofu hakisubiri mtu.

Njia ilimtesa siku hiyo. Magoti yalilia tangu mapema, kamba za shanta zikamkata mabega, na kila alipokanyaga mzizi aliona uzee umemfikia kwa mkupuo. Réal alikuja nyuma yake polepole, akisimama mara kwa mara kutazama miti, yeye ambaye hajawahi kutazama mti bila kuhesabu mbao zake.

"Vipi mzee," Réal alimwita. "Mbona unahema kama trekta bovu?"

"Magoti tu. Wewe je, shanta halijakuelemea?"

"Mie? Jepesi kama unyoya. Mwaka huu nimejua kupanga."

Normand aliuma mdomo asicheke. Unyoya. Subiri tufike, alijiambia, utauona huo unyoya.

"Nyie wazee, punguzeni maneno," Colette alisema kutoka mbele, ambako alikuwa akipanda na shanta kubwa kuliko ya wanaume wote wawili. "Pumzi zenyewe za kuazima."

Walifika kibandani jua likiwa bado juu. Colette aliwasha jiko dogo na kutoa ploye alizopika nyumbani, vile vichapati vyao vinavyopikwa upande mmoja tu, azipashe moto wale na siagi. Réal aliketi ukingoni mwa sakafu ya magogo, akaegemea nguzo bila kuvua kofia. Normand hakuweza kungoja hata chakula.

"Haya bwana, fungua shanta lako. Tuone umetuletea nini."

Réal alitabasamu. "Anza na lako."

"La kwangu lina soksi na mkate. Fungua wewe."

Tabasamu la Réal likabaki pale pale, lakini macho yakaacha kutabasamu. Mkono ukapanda kifuani, ukaenda kwenye taya, kama mtu anayeumwa jino. Uso ukawa rangi ya jivu. Akateleza taratibu kando ya nguzo hadi akalala ubavu.

"Acha maigizo," Normand alisema, na alicheka. Alicheka kabisa, kwa sauti, akidhani huo ndio ujanja wa mwaka huu wa kukwepa kuitwa punda.

Colette aliangusha sufuria. Kabla ploye hazijatulia chini alikuwa amepiga magoti kwa mumewe, na kutoka mfuko wa shati lake akatoa kichupa, akamtia Réal kidonge chini ya ulimi kwa mkono uliojua unachofanya. Kicheko kilimganda Normand mdomoni. Alisimama pale na meno nje, hajui ayafiche wapi.

"Shemeji, hivyo vidonge ni vya nini?"

"Vya moyo. Nenda kwenye lile jabali, simu hushika pale. Waambie moyo."

"Moyo gani? Tangu lini?"

"Tangu Machi. Nenda, Normand."

Alikimbia. Magoti aliyoyalilia asubuhi nzima hata hakuyakumbuka. Vidole vilikosea namba, vikarudia, na sauti ya mwanamke wa uokoaji ikamuuliza mambo mengi kwa upole ambao nusura umtie wazimu. Helikopta ingekuja. Wamlaze, wamtulize, wasimpe chakula. Aliporudi, Réal alikuwa amefumba macho, anavuta pumzi fupi fupi, na Colette amemshika kichwa mapajani.

"Alinilisha kiapo nisikwambie," Colette alisema bila kumtazama. "Daktari alimkataza asinyanyue kitu chochote kizito kuliko galoni ya maziwa. Nikamwambia basi mwaka huu mlima hatupandi. Akasema nisipokuja naye atapanda na wewe tu, na hatakwambia neno."

Galoni ya maziwa. Normand aliliona lile jiwe lake, alivyoliosha kwa mapenzi. Lile lilikuwa galoni tatu, kama si nne. Mzaha mzaha hutumbua usaha, bibi yake angesema, na yeye ameutumbua kwenye kifua cha rafiki yake wa pekee. Alimpandisha na kifo mgongoni kutoka chini hadi hapa, na njia nzima alikuwa akiuma mdomo asicheke.

"Shemeji," alisema. "Kuna kitu nilifanya."

"Baadaye, Normand."

"Lazima ujue."

"Nimesema baadaye. Mfunike miguu."

Alimfunika miguu. Alitaka Colette amtukane, ampige, amsukume bondeni. Badala yake Colette alimsogezea blanketi na kumwambia amejitahidi kupiga simu haraka, na hilo lilimchoma kuliko tusi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na yeye hapa anapewa pole.

Helikopta ilikuja na upepo wa kung'oa kofia. Walimfunga Réal kwenye machela, wakampandisha, wakampandisha na Colette, na mlima ukarudi kimya kana kwamba hapakuwa na mtu. Normand alibaki na jiko linalowaka bila sufuria, ploye zilizotapakaa kwenye matope, na mashanta matatu ya kushusha.

Alizima jiko. Halafu akalifuata shanta la Réal. Wazo lake, na aliliwaza akijidharau, lilikuwa kulitoa jiwe kabla mtu mwingine hajaliona. Alilinyanyua kwa mikono miwili kama unavyonyanyua mzigo, na nusura aanguke kinyumenyume. Halikuwa na uzito. Alifungua juu: mto. Mto wa kulalia wa kitandani, wenye maua, umesokomezwa kulijaza shanta lisimame kama la mwanamume. Chini ya mto sweta moja. Mfuko wa kulalia, maji, chakula, vyote vilikuwa kwa Colette. Alifungua zipu ya chini, akatia mkono hadi begani.

Hapakuwa na jiwe.

Alilipindua shanta, akalikung'uta, akatafuta hata tundu. Alitazama chini ya sakafu ya kibanda. Alikwenda nyuma kwenye lundo, akayagusa mawe ya juu moja moja, na yote yalikuwa na ukungu wa zamani. Jiwe la ukubwa wa kabichi haliyeyuki. Aliketi, akatazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyomdanganya.

Hatimaye, kwa kuwa alihitaji nafasi ya kupakia vitu vya wote, alilivuta shanta lake mwenyewe na kuanza kulitoa vitu. Mkate. Soksi. Koti la mvua. Chini kabisa mkono ukagonga kitu kigumu kilichofungwa ndani ya soksi ndefu nyekundu ya sufi, soksi ya Réal, ile anayovaa kila Agosti. Alilijua jiwe lake kwa kulipapasa. Tumbo bapa.

Alikaa nalo mapajani. Magoti. Kamba zilizomkata mabega. Anza na lako. Alipotaka kucheka sauti ikatoka kilio, na akaiacha itoke, maana hapakuwa na wa kumsikia. Hakulibusu, wala hakuliweka kwenye lundo. Alilirudisha kwenye shanta, akabeba yote, akashuka, na alipokutana njiani na askari wa wanyamapori aliyetumwa kumsaidia, alimpa mashanta mawili akakataa kutoa la tatu.

Asubuhi yake hospitalini Réal alikuwa amelazwa na mirija, mshipa umezibuliwa, mdogo kitandani kuliko Normand alivyowahi kumwona. Colette alikuwa amekwenda kutafuta kahawa. Normand aliketi bila kuvua koti.

"Nililitia kwenye shanta lako," alisema. "Ningekuua, Réal."

"Shanta lilikuwa na mto." Sauti ya Réal ilikuwa nyembamba. "Ungetia kijiko ningekijua. Ulipokwenda kukojoa nikakurudishia. Mchimba kisima, bwana."

"Na moyo? Kwa nini hukuniambia?"

Réal alitazama dari. "Colette hanipi hata mfuko wa taka nikautupe. Wajukuu wananishika mkono kwenye ngazi. Nilitaka abaki mtu mmoja duniani ambaye bado ananitilia mawe."

 Normand alitazama dirisha, akatazama viatu vyake, akajifuta uso kwa kiganja.

"Punda nani?" Réal aliuliza.

"Mimi."

"Ulilibusu?"

"Bado."

"Basi nasubiri nini hapa na maumivu yangu yote."

Normand alitia mkono ndani ya koti, akalitoa, jeusi, zito, bado limo ndani ya soksi nyekundu. Akalivua soksi. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la dawa, lakini sheria ni sheria, na busu lazima lisikike.