Goti la Lachlan na Sahihi Yangu

Siku yangu ya kwanza kama kocha msaidizi wa pili, katika ukumbi wa mazoezi pale Granville, huku ughaibuni, nilifika na filimbi mpya shingoni. Andriy, kocha msaidizi wa kwanza, aliitazama akacheka.

"Wafula, filimbi ni ya kocha mkuu. Sisi tunatumia macho."

Andriy alizaliwa Ukraine, na huko alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa mpaka magoti yakamkatalia. Makocha wake walikuwa wakimdunga sindano ya ganzi na kumrudisha uwanjani. Hakuwa amefika hamsini, lakini akishuka ngazi alishika ukuta.

Mimi nilikuwa nimechezea timu ya benki moja Nairobi, nikidhani naujua mchezo. Alinifundisha upya. Mtazame mchezaji anavyotua baada ya ribaundi, yaani baada ya kudaka mpira uliokosa kikapu. Akitua kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, ule mwingine unamuuma, hata akikana. Andika dakika za kila mtu. Ukiona hatari, mwambie kocha mkuu hapo hapo, kwa maneno machache.

Kocha mkuu hakupenda kuambiwa. Mipango yote ya ulinzi ilikuwa ya Andriy, ila tukishinda, aliyehojiwa ni kocha mkuu. Tukishindwa, alitukemea sisi wawili mbele ya wachezaji.

Kwenye nusu fainali, Lachlan, mchezaji wetu mrefu wa kati, alitua vibaya akatoka akichechemea. Andriy aliligusa goti lile, kisha akamwendea kocha mkuu. Nilikuwa nimekaa karibu nao. Nilisikia kila neno.

"Usimrudishe. Goti limelegea, litakatika."

"Nani kocha hapa?"

"Wewe. Ndiyo maana nakuambia wewe."

Kocha mkuu alimrudisha. Dakika mbili baadaye Lachlan aliruka, na aliposhuka goti lilitoa mlio tuliousikia hadi kwenye benchi. Hakucheza ligi tena.

Wiki iliyofuata meneja wa klabu aliniita ofisini kwake mjini. Kocha mkuu alikuwa amesimama dirishani. Mezani palikuwa na karatasi iliyosema kwamba hakuna aliyetoa onyo lolote kuhusu goti la Lachlan.

"Soma, utie sahihi," meneja alisema. "Andriy tunamwondoa, utie usitie. Nafasi yake itahitaji mtu."

Kibali changu cha kukaa nchini kilitegemea klabu ile, na nilikuwa na mke na watoto wawili. Nimejitetea kwa hayo miaka mingi hadi nimechoka kujisikiliza. Nilitia sahihi.

Jioni mke wangu aliniuliza, "Baba Nekesa, si uliniambia Andriy alimwonya?"

"Alimwonya."

Aliendelea kukunja nguo.

Nilikalia kiti cha Andriy mpaka nikazeeka. Kocha mkuu aliagwa kwa keki na hotuba. Andriy, na magoti yale, alikwenda kupakua makontena kwenye bandari ya Port Botany. Nilimpigia simu mara moja tu.

"Ulinisikia siku ile?" aliniuliza.

"Nilikusikia."

Akakata.

Mwaka huu nimestaafu. Wiki hiyo hiyo nilimtafuta Lachlan kwenye duka lake la rangi, nikamweleza yote. Alinisikiliza mkono ukiwa juu ya kaunta.

"Nilikuwa pale kwenye benchi, Wafula. Nilimsikia Andriy kwa masikio yangu, na niliwaambia viongozi wa klabu. Wakanionyesha karatasi yako, wakasema maumivu yamenichanganya akili. Miaka yote hii nimeamini nilichanganyikiwa."

Ninyi mnaoingia kazi hii, nawaandikia kwa hasira na sitaificha. Namkasirikia kocha aliyevunja goti la mchezaji wake kwa kiburi, akapigiwa makofi. Namkasirikia meneja aliyejua bei yangu kabla sijaingia mlangoni. Lakini kalamu niliishika mimi. Kocha msaidizi analipwa ili aone na aseme. Mimi niliona, nikalipwa ninyamaze.

Niliandika ukweli kwenye karatasi nyingine, nikatia sahihi, nikampelekea Lachlan. Aliisoma, akaipiga picha kwa simu yake, akanirudishia.

"Hii mpelekee Andriy. Mwenyewe, kwa mkono wako."

Nilikwenda. Andriy aliisoma akiwa mlangoni, polepole, hadi mwisho. Hakunikaribisha ndani.

"Umechelewa," alisema. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akafunga mlango.