Ua Nililompelekea Kukhu

Juzi nikipita Kitale niliona watu wakivuta gugumaji kutoka bwawani, na uvundo wa mizizi ile ukanirudisha Kabuchai, kwa nyanya yangu tuliyemwita Kukhu.

Mama alikuwa amenikanya nisiende kwa Kukhu mikono mitupu. Basi niling'oa mmea wenye ua la zambarau bwawani Kitale, nikaubeba ndani ya kopo la maji.

"Ati umeniletea sukumawiki?" Kukhu alinitania alasiri ile nilipofika. Kisha akanishika mkono hadi kwenye bwawa la kijiji, tukautia humo. Maji yalinuka matope na ng'ombe. Mmea ulielea taratibu, nikadhani umefurahi kufika.

Niliporudi likizo nyingine, maji ya bwawa hayakuonekana tena; mmea wangu ulikuwa umezaana na kuyafunika yote. Samaki walikuwa wamekufa, na wanawake walikuwa wakienda kuteka maji mbali, mtoni.

"Huu uchafu nani alileta hapa, Mama?" jirani alimfokea Kukhu.

Nilijibanza nyuma ya Kukhu, machozi yakinilengalenga.

"Si ni mafuriko, bana," alijibu.

Jibu hilo hakulibadilisha maisha yake yote, nami nikamwacha azikwe nalo.