Sauti Nilizokatazwa Kuzisimulia

Mnisamehe, nitasimulia nimesimama. Mimi tangu zamani si mtu wa kukaa kitako. Kabla sijaugua nilikuwa wa kwanza kufika shamba la kijiji, jembe begani, nikiwasema wanawake wenzangu kwa uvivu wao. Ilikuwa enzi ya vijiji vya ujamaa, tumehamishiwa karibu na Kabuku, nyumba zimepangwa mistari, na mwanangu Saidi alikuwa bado ananyonya.

Ilianza kwa kuitwa jina. Nageuka, hakuna mtu. Kwetu nililelewa hivi: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, wala usimsimulie mtu. Basi nikanyamaza. Zikaja sauti za wanaume wawili, zikinijadili kama niko kikaoni. Huyu anaiba mahindi ya kijiji. Huyu atakamatwa. Usingizi ukakatika. Zikasema mama mkwe ananitilia sumu, nikaacha kula. Nikakonda, nikanuka, maziwa yakakauka. Mume wangu Rajabu akiniuliza nina nini, nasema sina kitu.

Siku moja zikaniambia nimkimbize mtoto. Nikambeba mbio mpaka barabara kuu, nikasimama katikati. Lori likatukwepa, likaingia majanini. Mtoto hakuumia. Mimi nilifungwa kamba za katani, mikono ikachubuka, alama ninazo mpaka leo. Mama mkwe akamchukua Saidi, akasema mbele za watu: "Mtoto huyu hatamshika tena." Maneno yale yaliniuma kuliko kamba.

Tulipita kwa mganga, nikachanjwa chale, nikafukizwa. Wapi! Ndipo Rajabu akanipeleka hospitali, upande wa Korogwe. Nikapigwa sindano, nikapewa vidonge. Sauti zikapungua, zikawa kama redio ya jirani. Lakini mwili nao! Ulimi mzito, mate yananidondoka, mikono inatetemeka, miguu inawaka kutaka kutembea. Niliporuhusiwa, sauti zikaniambia vidonge ndiyo sumu yenyewe. Nikawa navificha chini ya ulimi, kisha navitema nje. Haukupita muda nikarudishwa nimefungwa vilevile.

Safari hii daktari akapunguza dozi, akaongeza kidonge cha kutuliza ule mtetemeko. Halafu akanikabidhi kwa nesi mmoja wa Kishambaa, Mama Hilda. Huyu aliona siwezi kukaa, hakunilazimisha kiti. Tulipalilia mboga za hospitali huku tunaongea. Akaniuliza sauti zinasema nini. Nikamwambia kwetu hazisimuliwi.

"Basi usiziitikie hizo," akasema. "Niitikie mimi."

Nikalia sana, nikamweleza yote. Hakucheka, hakubisha. Aliuliza tu: hayo mahindi yaliibwa lini, na nani aliyeona yamepungua? Nikakasirika, nikamwita mbea. Kesho yake akaja tena na jembe lake. Taratibu nikaanza kuzishuku sauti zenyewe. Tukapatana kwamba nikisikia jambo, nimuulize mtu wa nyumbani kabla sijafanya lolote. Akamwita mama mkwe amweleze naye. Wakabishana wee, maana mama aliamini kuyataja mambo hayo ni kuyaalika.

Nikarudi nyumbani. Vidonge nilimeza mbele ya mama, kisha nafungua kinywa aone. Mtoto hakunipa. Nilimtazama Saidi akibebwa mgongoni kwa bibi yake, moyo unanichoma, nafagia uwanja uliokwisha fagiwa.

Siku moja tunapura maharage, sauti zikaja: wanakuja kumchukua mtoto. Miguu ikataka kukimbia naye. Niliona haya na hofu, lakini nikauliza: "Mama, kuna watu wanakuja?"

Akaacha kupura. Akatoka mpaka njiani, akaangalia huku na huku, akarudi.

"Hakuna mtu, mwanangu." Kisha akafungua kanga, akanipa Saidi. "Mshike, nikachote maji." Akachukua ndoo, akaenda zake.

Nilikaa kitako siku hiyo, jamani. Nilikaa na mwanangu mapajani mpaka bibi yake akarudi.

Namshukuru Mungu, na daktari, na Mama Hilda, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Vidonge bado nameza. Bila vidonge nisingeweza kumsikia mtu, na bila mtu wa kuongea naye ningevitema mpaka leo. Wewe mgonjwa mwenzangu, sema unachosikia. Nanyi mlio naye nyumbani, akiwauliza kama kuna mtu nje, msimcheke wala msimkaripie. Tokeni mkaangalie kweli.