Koti Lililofuliwa Kila Baridi

Jumatatu, tarehe 22 Desemba. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na umande umeganda kwenye vioo vya basi kama chumvi.

Nilishuka stendi saa mbili, nikatembea hadi nyumba niliyokulia. Kwenye kamba ya uani nikakuta koti langu.

Koti nililoliacha miaka tisa iliyopita.

Lilikuwa bichi, linachuruzika maji, limebanwa mabegani kwa vibanio viwili kama mtu aliyekamatwa.

Sikushtuka. Siku hizo nilikuwa kama jino lililopigwa ganzi. Hata baba alipofariki, habari zilinifikia wiki tatu baada ya mazishi. Nikasali, nikala, nikalala. Kesho yake nikaenda kazini.

Ngoja nianze vizuri.

Baba alikuwa dobi. Hakujua kusoma, nami niliacha shule darasa la pili, kwa hiyo nguo za wateja tulizitambua kwa uzi. Mwalimu mkuu, uzi wa bluu ndani ya kola. Mwoka mikate, manjano. Nyekundu ilikuwa ya nguo iliyokaa miezi mitatu bila mtu kuijia. Ukiona nyekundu, ujue haina mwenyewe. Inagawiwa.

Mama aliyenizaa alitangulia mbele ya haki nikiwa mdogo. Baba alikaa miaka mingi, kisha akaoa.

Mama wa kambo alikuja na begi moja na vitabu vinne. Alikuwa mpole, lakini vile vitabu vilinitisha. Sikutaka anione mbumbumbu. Kila jioni nikawa nashika gazeti, nakunja uso, nafungua kurasa taratibu kama hakimu.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja ya baridi kama hii, nikachukua koti langu nyuma ya mlango.

Ndani ya kola palikuwa na uzi mwekundu. Tena si fundo moja. Mstari mzima.

Haina mwenyewe. Inagawiwa.

Sikumuuliza mtu. Baba alikuwa amepeleka nguo kwa wateja. Nilirudisha koti kwenye msumari, nikaondoka na shati tu. Namba ya simu nikabadilisha.

Safari hii nayo sikurudi kwa mapenzi. Shangazi alinitafuta hadi akanipata.

"Mama yako anahama," alisema. "Sikukuu zikiisha anarudi kwao. Anataka akukabidhi funguo mkononi, basi."

Kazini walikuwa wametupa likizo ya majira ya baridi. Darasa langu la jioni nalo lilikuwa limefungwa. Nilikosa kisingizio.

Basi nikaingia ndani. Mifuko mitatu ilikuwa imefungwa kamba, imepangwa mlangoni. Shangazi alikaa kwenye kochi na mkoba mapajani. Mzee tuliyemwita Pasi, aliyepiga pasi kwa baba tangu sijazaliwa, alikuwa anamalizia mashati ya mwisho.

"Kaja," alisema bila kuinua kichwa. "Tumbo mbele, nywele nyuma."

"Shikamoo, Pasi."

"Marahaba. Umezeeka kuliko mimi. Mimi nina sababu, wewe je?"

Mama wa kambo akatoka jikoni na chai. Nikamwamkia. Akaitikia. Akaweka kikombe, kisha funguo pembeni yake.

"Huu ni wa mlango wa mbele. Unagoma. Nyanyua kitasa kidogo ndipo uzungushe."

"Asante."

"Na bomba la uani lifunge kwa kitambaa."

"Sawa."

Tuliongea kama watu kwenye dirisha la ofisi. Mtu akikuambia nilikuwa na hasira, kataa. Sikuwa na kitu chochote. Niliangalia mvuke wa chai.

"Ee, jamani," shangazi alisema. "Miaka tisa hamjaonana, mnaongea habari za kitasa?"

Nikaona niseme chochote, apoe.

"Lile koti uani. Kwa nini bado lipo?"

"Nalifua kila baridi ikianza," mama wa kambo alijibu. "Likikaa kabatini nondo watalimaliza."

"Lakini nyekundu hugawiwa."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Ulinishonea uzi mwekundu," nikasema. "Nikaelewa. Sikulaumu."

Pasi alisahau mkono wake juu ya shati. Harufu ya kuungua ikaanza kusambaa.

"Nilikuwa mgeni hapa," mama wa kambo alisema polepole. "Niliona kila kola ina uzi, nikadhani kila mtu anawekewa alama yake. Maana ya rangi sikuambiwa. Nilipokuja kujua, ulishaondoka. Nikajipa moyo, nikasema, si alisoma? Mtu anayemaliza gazeti zima kila jioni hawezi kushindwa na neno moja. Lakini hukurudi, nikaona kumbe umeondoka kwa sababu ya neno lenyewe. Umelikataa. Sasa nitakaa hapa nikiwa nani wa nani?"

"Neno gani?"

Akageuza uso ukutani.

Nikatoka uani. Nikaikunjua ile kola. Uzi ulikuwa umefifia, karibu waridi. Mwalimu wetu wa jioni hutuambia tusikimbie, tufuate kwa kidole. Nikaweka kidole.

Mwa.

Na.

Ngu.

Nikarudia toka mwanzo, maana mimi bado hukosea.

Mwanangu.

Sikulia. Nilihisi vidole vinaniuma kwa baridi ya lile koti. Jambo dogo, najua. Lakini nilikuwa sijahisi kitu kwa muda mrefu, nikakiacha kiniume.

Nikarudi ndani.

"Sikujua kusoma," nikawaambia. "Nimeanza mwaka jana, darasa la jioni, nakaa na watoto wa wenzangu. Lile gazeti nilikuwa nalishika tu."

"Siku nyingine ulilishika kichwa chini," Pasi alisema. "Mimi nikadhani ndiyo elimu ya juu."

Shangazi alicheka hadi akafuta macho. Mama hakucheka. Aliketi juu ya mfuko mmoja, mikono imelegea.

Nisikilize wewe unayesoma hapa. Kila usiku nilimwomba Mungu anionyeshe kwetu ni wapi, na jibu lilikuwa ndani ya kola likinisubiri nijifunze herufi. Usichokijua, uliza. Aibu ya kuuliza huisha kabla chai haijapoa. Yangu ya kujifanya najua imenila miaka tisa, na baba sikumzika.

Nilichukua funguo mezani, nikaziweka kiganjani mwake. "Baki," nikasema. Hakufumba kiganja.

"Maneno ya kwenye chai husahaulika," alisema.

"Basi aseme kwa sauti," shangazi akasema. "Mimi na Pasi ni mashahidi."

Pasi aliegesha pasi, akasimama wima.

"Mama," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo. "Shangazi anasikia, Pasi anasikia, na Mungu anasikia. Ukikubali kubaki, mifuko hii naifungua mimi, sasa hivi. Na kila mwaka baridi ikianza, mimi ndiye nitakayelifua lile koti, hapa hapa, kwa mikono yangu, maadamu niko hai."