Tenga la Baba Justa

Baba yangu Bujiku, ambaye Ushetu nzima ilimwita Baba Justa kwa jina langu, alikuwa mshika nyoka. Ukame wa mwaka arobaini na tisa ulipokwisha, mvua ilinyesha laini, kama ndoto isiyotaka kukatika. Mtama ukajaa kwenye vihenge, panya wakazaana, na mwaka uliofuata nyoka wakaja kuwafuata, swila weusi.

"Waacheni," baba aliwasihi majirani. "Panya wakipungua, nyoka nao watapungua."

Nani alimsikiliza? Jirani yetu Apolonia ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, akitaka waondolewe. Basi baba akajipaka dawa, akawakamata nyoka mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayeokota kamba zake, akawabeba kwa tenga hadi pori la mbali.

Kiangazi kilipofika, ukisimama uani mchana kweupe ungedhani mvua inanyesha ndani ya vihenge. Walikuwa panya, wanatafuna.

Apolonia akaja, akapiga magoti.

"Shikamoo, Baba Justa. Wale nyoka uliwaacha pori gani?"

"Marahaba," baba akajibu, akamsogezea tenga tupu.